Ufagio wa Bibi: Kukabidhi na Kunyang'anywa Uzeeni



Wapendwa wasomaji, safari hii tunataka kuzungumzia uzee, na tunajua baadhi yenu mtacheka. Umri wetu ni miaka 25, bado tuko kwenye falsafa, na magoti yetu yanapanda milima ya Rungwe bila kulalamika. Hatuandiki kama walimu wa somo hili. Tunaandika kwa sababu likizo iliyopita, tukiwa wawili, tulimkosea bibi mmoja, na kosa lenyewe tulilifanya kwa nia njema, mbele ya watu, wakatusifu.

Tulikuwa tumepangiwa mwezi mmoja wa utume katika kigango kimoja wilayani Rungwe, mbele kidogo ya mji wa Tukuyu, kwenye miteremko ya migomba na chai ambako mvua hunyesha inapojisikia. Jumamosi yetu ya kwanza tulikwenda kanisani asubuhi kuandaa liturujia ya Dominika. Tulimkuta bibi mmoja anafagia. Tutamwita Bibi tu, kama kigango kizima kinavyomwita. Cheti chake cha ubatizo kinampa miaka 81. Alikuwa ameinama na ufagio wa njukuti, mkono mmoja mgongoni. Anafagia chini ya benchi moja, anasimama, analishika kwa mkono, midomo inachezacheza, halafu anahamia benchi linalofuata. Tuliangalia saa. Kazi ambayo kijana angeimaliza kwa dakika 20 ilimchukua saa moja na nusu. Ile midomo iliyokuwa inacheza tuliitafsiri upesi: mzee anaongea peke yake.

Jumamosi ya pili hatukuvumilia. Tulimfuata katikati ya kanisa, tukamsalimu, tukauchukua ufagio mkononi mwake kwa upole kabisa, tukamwambia, "Pumzika Bibi, umefanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yetu vijana." Tukamkalisha. Tukafagia kanisa lote kwa mbio. Kesho yake tulimwomba mwenyekiti wa kigango atangaze kwamba kuanzia sasa usafi wa kanisa ni wa vijana, ili wazee wetu wapumzike. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alisema seminari inatulea vizuri.

Dominika iliyofuata Bibi hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Tulimwuliza katekista kama anaumwa ili tumwombe Padre ampelekee Sakramenti. Katekista alituangalia kidogo, akajibu, "Haumwi. Amekasirika."

Tulikwenda kwake alasiri, njia ya utelezi, mvua imetulowesha. Nyumba yake iko katikati ya migomba, na jiko la kuni liko pembeni. Tukaamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha tukae karibu na moto, akamtuma mjukuu wake atuletee ndizi zilizopikwa na maharage. Alituuliza habari za masomo, habari za wazazi wetu, mmoja mmoja. Ya ufagio hakuyagusia mpaka tulipomaliza kula na kunawa. Hapo ndipo aliposema:

"Mafrateri, kwani mimi nimekufa?"

Tukasema hapana, Bibi.

"Mtu akifa ndiyo watu wanaingia ndani, wanachukua vitu vyake, wanagawana. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, naona."

Tukajitetea kwamba tulitaka apumzike. Akatuuliza nani alituambia kuwa amechoka. Tukamwambia tulimwona anasimama kila benchi. Akacheka, si kwa kufurahi.

"Nasimama kwa sababu kila benchi lina watu wake, wanangu."

Akaanza kuyataja. Benchi la tatu upande wa kina mama alikaa rafiki yake, walibatizwa pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, naye amekwisha kufa. Benchi la mlangoni ni la wale waliotoka mbali wakachelewa kwa sababu ya mto kujaa. Lile lenye mguu uliotengenezwa upya alikaa mzee aliyekwenda Wenela, kwenye machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, akarudi anakohoa, akawa anakaa pembeni ili asisumbue watu. Wengine wako hai, lakini wamehamia Mbeya au Dar es Salaam. Akifagia chini ya benchi, anawaombea wa benchi hilo, waliokufa na walio hai, kwa majina. Akimaliza anahamia lingine. Kwa miaka zaidi ya 40 hiyo ndiyo ilikuwa midomo yake kucheza. Tulikuwa tumechukua ufagio, na bila kujua tumechukua sala ya kigango kizima, halafu tukaitangazia zamu kwa ratiba.

Tulirudi parokiani kimya. Usiku ule tulikumbuka somo la mwaka wa kwanza, ambalo mafrateri wote mmelipitia. Kitabu cha Plato juu ya Jamhuri kinaanza na mzee. Socrates ameshuka bandarini Piraeus, nje ya Athene, akakaribishwa katika nyumba ya Cephalus, mzee tajiri ambaye miguu yake haimpeleki tena mjini. Mzee anamlaumu kwamba haji mara nyingi. Socrates anamjibu kwamba anapenda kuzungumza na watu wazima sana, kwa kuwa wametangulia kwenye njia ambayo huenda sote tutaipita, na ni vema kuwauliza ikoje, ngumu au nyepesi. Wanazungumza kidogo juu ya uzee, mali na haki. Socrates anaanza kumbana mzee kwa maswali. Cephalus anaagana nao kwenda kutoa sadaka, na mazungumzo anamwachia mwanawe Polemarchus. Kijana anatania kwamba yeye si ndiye mrithi? Mzee anacheka, anatoka, na katika kitabu chote hatumsikii tena.

Darasani tulijifunza kwamba hapo ndipo falsafa inapoanza: mzee wa mapokeo ametoka, sasa hoja zinaweza kuchambuliwa. Tuliandika hivyo kwenye mtihani na tukapata alama. Hatusemi walimu wetu walikosea, maana ni kweli kwamba hoja kali zinafuata baada ya hapo. Lakini siku hizi tunasoma ukurasa ule kwa jicho jingine. Kwanza, Cephalus hakufukuzwa. Alikabidhi. Aliyepokea alijitaja mwenyewe kuwa mrithi, na mzee akakubali kwa kicheko. Pili, hakuna hata mmoja wa wale vijana aliyejiuliza mzee anakwenda kufanya nini. Alikuwa anakwenda kwenye sadaka. Wao wakabaki na hoja kuhusu haki, yeye akaenda kutimiza wajibu wake mbele ya miungu yake. Ingekuwa sisi, pengine tungemwambia apumzike, sadaka tutaitoa sisi.

Hapa Rungwe tuna jambo la kwetu la kuliweka kando ya ukurasa huo. Wazee wa Kinyakyusa bado wanalikumbuka kwa kusimuliwa, na liliandikwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila na jamii waliofanya utafiti huku kati ya mwaka 1934 na 1938. Monica Wilson alichapisha kitabu juu yake mwaka 1951. Wanyakyusa wa zamani hawakuishi kwa ukoo peke yake, waliishi kwa rika. Wavulana wa miaka kumi na kitu walitoka kwenye nyumba za baba zao wakaanza kujenga vibanda vyao pembeni, kikawa kijiji chao, na humo wakakua, wakaoa, wakazeeka pamoja. Thamani kubwa ya maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani kukaa vizuri na wenzako, kula pamoja, kuzungumza. Waliamini kwamba akili na busara mtu hazipati kwa kukaa peke yake, anazipata katika mazungumzo na wenzake. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka.

Halafu kulikuwa na ubusoka. Mara moja katika kila kizazi, vijana walipokuwa wamekomaa, ilifanyika sherehe kubwa ya kutoka. Wazee waliwakabidhi watoto wao utawala na ardhi. Viongozi wa zamani ndio waliowachagua viongozi wapya. Mipaka ilionyeshwa. Moto wa zamani ulizimwa majumbani, ukapekechwa moto mpya. Kila mtu alijua siku ile kwamba jana nchi ilikuwa ya baba na leo ni ya watoto.

Tusiipambe mila hii kupita kiasi. Chifu wa zamani alitarajiwa kufa muda si mrefu baada ya ubusoka, kana kwamba kazi yake duniani imekwisha, na hilo Mkristo hawezi kulikubali. Mipango yote hiyo ilikuwa ya wanaume. Bibi wetu asingekuwa na neno ndani yake. Hata hivyo kuna hekima pale. Ubusoka ulifanya kukabidhi kuwe tendo, lenye siku yake, mashahidi wake, na maneno yake. Mzee hakuzinduka asubuhi moja akakuta vitu vyake havipo.

Siku hizi vinaondoka kidogo kidogo, bila mtu kutamka lolote. Monica Wilson aliporudi mwaka 1955 alikuta vijiji vya rika vinafifia, na sababu zake tunaziona hata leo kwenye miteremko yetu. Kahawa na chai ni mazao ya kudumu. Aliyepanda hawezi kuhama na kumwachia mwingine ardhi kama zamani. Vijana walikwenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, na machimboni kusini. Ardhi ikawa finyu. Sasa yamekuja maparachichi ya kuuza nje, na shamba ambalo babu alilipima kwa macho linapimwa kwa mashine. Mjukuu ndiye anayeshika simu ya Bibi kwa sababu maandishi ni madogo, basi ndiye anayejua fedha zimeingia kiasi gani kutoka kwa shangazi aliyeko Dar. Akienda hospitali anasemewa. Daktari anauliza, "Bibi anasikia maumivu wapi?" na anayeulizwa ni mtu wa miaka 19. Hakuna aliyekusudia kumdhalimu. Lakini hesabu mwenyewe: ardhi, simu, mwili wake mwenyewe, sasa na ufagio.

Nchi yetu haijawasahau wazee kabisa. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na kwenye vituo vya afya tunaona maandishi ya kutuagiza tumpishe mzee ahudumiwe kwanza. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, awe alikuwa mtumishi wa serikali au mvuvi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wenye miaka 60 na zaidi kuwa karibu milioni 3.5, kama asilimia 5.7 ya Watanzania wote. Hayo ni mema, tena tungependa yawe makubwa zaidi, maana mzee wa Rungwe aliyelima maisha yake yote hana pensheni yoyote zaidi ya watoto wake na migomba yake. Lakini sera haiwezi kuona midomo ya Bibi inasema nini kwenye benchi la tatu. Hilo ni letu.

Na hapa ndipo Mtakatifu Thoma wa Akwino alipotusaidia zaidi ya wengine. Katika Summa anajadili fadhila ya uchaji kwa wazazi, anaiweka chini ya haki, wala haifanyi kuwa suala la hisia njema. Anauliza ni nini hasa mtoto anachodaiwa na wazazi wake. Anatenganisha mambo mawili. Kuna kile wanachodai kwa sababu tu ni wazazi: heshima na utii wa kuwatumikia. Kuna kile wanachodai kwa sababu ya hali iliyowapata: wakiugua watembelewe, wakiwa maskini wasaidiwe. La kwanza ni la daima, la pili linategemea shida.

Sisi tulikuwa tumeanza na la pili tukaishia hapohapo. Tuliona mgongo uliopinda tukafikiri kwamba mgongo ndiyo habari yote. Msaada wetu ulikuwa wa kweli, lakini tuliutoa mahali ambapo tulidaiwa heshima, na hata kama ni mkubwa namna gani, msaada haulipi deni hilo. Mdai wako akikudai mbuzi, usimpelekee blanketi ukategemea akushukuru. Na heshima, kama Bibi alivyotufundisha kwa swali lake moja, huanza na kuuliza. Tungemwuliza tu, "Bibi, unasema nini unapofagia?" yote yangekuwa tofauti. Tulikuwa naye wiki mbili katika kanisa moja, na hatukuwahi kumwuliza.

Maandiko Matakatifu yana mzee wa namna yake. Kila mwaka mwezi Februari tunamsikia Simeoni na tunaimba wimbo wake kila usiku katika Sala ya Mwisho. Nabii Ana tunampita haraka kidogo. Luka anamtaja na miaka 84, mjane, asiyetoka hekaluni, akimtumikia Mungu usiku na mchana kwa kufunga na kusali. (Cicero naye alipoandika kitabu chake juu ya uzee alimweka Cato azungumze akiwa na umri huohuo, miaka 84 hivi. Tunashangaa tu, hatujengi teolojia juu ya namba.) Cato wa Cicero anautetea uzee kwa kuonyesha kwamba mzee bado anaweza mambo makubwa: kushauri baraza, kulima, kujifunza Kigiriki. Ni utetezi mzuri, lakini una hatari. Je, siku asipoweza tena? Ana hatetewi na Luka kwa kazi kubwa. Yupo mahali pake tu, kila siku, na kwa sababu yupo, anamwona Mtoto anapoletwa. Fikirini wahudumu wa hekalu wangemwambia, "Mama, pumzika, tutasali sisi." Angekuwa nyumbani siku ile.

Na Petro aliambiwa na Bwana kwamba akizeeka atanyosha mikono na mwingine atamfunga mshipi na kumpeleka asikotaka. Yohane anaeleza kwamba ni habari ya kifo atakachomtukuzia Mungu. Lakini kila aliyemvalisha mzee koti anajua kwamba maneno hayo yanafanyika pia katika nyumba za kawaida, kila asubuhi. Kuna mahali ambapo mzee anapaswa kukubali kuvalishwa. Hatukatai. Baba Mtakatifu Fransisko alitoa katekesi zake juu ya uzee katika Jumatano za mwaka 2022, na mwaka huohuo watu walianza kumwona kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na wengine. Alifundisha akiwa ameketi. Alikubali kusukumwa, na hakukubali kunyamazishwa.

Hapa lazima tuseme na upande wa pili, ili msomaji asidhani tunawapendelea wazee tu. Wako wazee wasiokabidhi. Tumeona kwenye vigango kiti cha uongozi kimeshikwa na mtu mmoja tangu tukiwa shule ya msingi, naye kila uchaguzi anasema hakuna kijana anayeweza. Tumeona baba wa miaka 78 anayeficha hati ya shamba hata mke wake asijue ilipo, watoto wanagombana kabla hajafa, na watagombana zaidi akifa. Huyo naye ananyang'anya: anawanyang'anya watoto siku yao ya kupokea. Yoshua bin Sira anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zikimpungua. Lakini baba ambaye akili zake ni timamu ana wajibu wake, na wajibu huo ni kukabidhi akiwa hai, macho kwa macho.

Mkulima wa migomba anayaelewa haya kuliko sisi tuliosoma. Kwenye shina moja anaacha mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine anayatoa, hayo matatu anayaacha. Mama anabeba mkungu, mtoto anakua kando yake, mjukuu ndiyo kwanza anachomoza. Ukikata mama kabla ya wakati, umekula mkungu mchanga. Usipomkata wakati umefika, mtoto anakua mwembamba akitafuta jua. Mkungu ukishavunwa, mama anakatwakatwa na kulazwa palepale kwenye shina. Bibi alituonyesha hilo siku ileile wakati anatusindikiza. Hakuwa anatoa mfano. Alikuwa analalamika kwamba mjukuu wake anaacha machipukizi mengi mno.

Tuliomba msamaha. Tulikuwa tumeubeba ufagio, tukamkabidhi kwa mikono miwili. Aliuangalia akauegemeza ukutani. Alisema hautaki tena. Tulidhani bado ana hasira, lakini haikuwa hivyo. Alisema ni kweli mgongo unauma, na mwaka huu mvua zimemtesa, na alikuwa amefikiria tangu Pasaka kumpa mtu. Ila mtu huyo angemchagua mwenyewe. Vijana wa kigango hawataki, alisema, wanafagia kama wanakimbiza kuku. Akamwita yule mjukuu aliyetuletea chakula, msichana wa darasa la tano, wa Utoto Mtakatifu. "Huyu ana masikio," akasema.

Tulimweleza Padre, akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Tangazo la vijana kufagia lilifutwa kimyakimya, jambo ambalo pia halikuwapendeza vijana, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kugawana zamu. Tulikuwa tumewakosea nao.

Kama jumuiya yenu ndogo ndogo inatumia makala hizi kwa tafakari ya wiki, tunawaomba msianze kwa kuzungumza juu ya wazee wakati wao wamekaa kwenye benchi la nyuma. Mpeni mzee wa jumuiya nafasi ya kwanza, mwulizeni ni kitu gani amekwisha kukikabidhi, kwa nani, na ni kitu gani kilichukuliwa. Halafu nyamazeni. Itachukua muda. Mafrateri wenzetu, mkitumwa vijijini, fanyeni hivyohivyo kabla hamjashika chochote.

Jumamosi yetu ya mwisho kabla ya kurudi seminarini tulikwenda kanisani mapema tukakaa nyuma. Bibi alikuja na fimbo, akaketi benchi la mbele upande wa kina mama, ameelekea nyuma ili aone. Msichana alianzia mlangoni. Benchi la kwanza alifagia vizuri, akasimama, akalishika kwa mkono, akataja majina mawili, la tatu likampotea. Bibi akamtajia kwa sauti kutoka mbele. Benchi la pili hivyohivyo. Kwenye benchi la tatu msichana alitaja majina yote bila kukosea, akaanza kuhamia la nne.

"Rudi," Bibi akamwita. "Umeacha vumbi chini ya mguu ule."

Msichana akarudi. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na sisi tulikuwa hatuna mwavuli, tukabaki pale mpaka benchi la mwisho.